Landrova ya Mtani wa Baba

Watu wengine likizo ikifika huenda Dar es Salaam kuona bahari. Mimi na Baba tulikwenda kuona magari mabovu.

Nasema mabovu kwa sababu ndivyo walimu wenzangu wanavyoyaita, na nimechoka kubishana nao. Nafundisha hisabati katika sekondari moja ya Tabora mjini. Kila tulipokaribia kufunga shule, chumba kizima cha walimu kilinigeukia: safari hii mwalimu anakwenda kutazama mkweche wa wapi? Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliwajibu kwamba afadhali mkweche wenye historia kuliko magari yao ya vioo vyeusi, ambayo hata boneti hawajui linafunguliwaje. Wakacheka zaidi.

Ukitaka makumbusho ya magari yenye tiketi mlangoni na kamba ya kuzuia watu wasiguse, huku kwetu utatafuta mpaka uchoke. Lakini njia hii ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi na mizigo yao, baadaye ikapitiwa na reli na malori, imejaa magari ya kale yaliyotunzwa na watu binafsi. Yalikuja kufanya kazi mpaka yafe, na yalipokufa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyatupa. Liko lori nyuma ya jiko la mtu, liko basi katikati ya shamba la mahindi. Ukiingia uani kwa adabu na kusema umekuja kuliona gari, mwenyewe anakuletea kiti, halafu hatakuachia uondoke mpaka jua lipinduke.

Tabia hii niliianza kwa ajili ya Baba. Alikuwa dereva wa misheni miaka thelathini na zaidi, na alikuwa mtu wa maneno. Hakupita sokoni bila kumchokoza mtu, na kanisani mchungaji alikuwa akimwangalia kwa wasiwasi kila aliposimama kutoa tangazo. Mama alipofariki maneno yale yakaisha. Alikaa kwake Ntalikwa, akilima kidogo, akijibu "ndiyo" na "hapana" kama mtu anayejaza fomu. Jumamosi moja nilimwonyesha kwenye simu picha ya lori la mzazi wa mwanafunzi wangu, huko Kaliua. Akaomba miwani. Akalitazama muda mrefu, kisha akasema, "Boneti hilo si lake. Wamelitoa kwenye gari jingine, tena fupi kuliko hili."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote mwezi ule. Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye treni ya Kaliua.

Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara wa mazao aliyejenga karibu na reli. Mkewe alikuwa ameanika nguo kwenye kingo za bodi, na ilibidi tungoje azianue kwa heshima ya wageni. Baba alizunguka lile lori mara mbili, mikono nyuma, halafu akamweleza mwenyewe habari ya boneti. Mwenyewe akakataa katakata. Walibishana saa nzima, wakapima kwa kamba ya katani, na mwisho ikaonekana boneti limepungua kwa vidole vitatu. Tuliporudi Baba aliimba wimbo wa kanisa mpaka tukakaribia Tabora, nami nikajifanya nimelala ili asinyamaze.

Tukaendelea hivyo. Puge tulimkuta mkulima ambaye basi lake la zamani lilikuwa banda la kuku, na tetea mmoja alikuwa ameatamia kwenye kiti cha dereva. Baba hakutaka asumbuliwe. Akakaa kiti cha kondakta na kumpigisha soga kana kwamba ni dereva mwenzake. Ulyankulu tulipokewa na familia moja ya Kikatoliki yenye asili ya Burundi, iliyotunza gari la pijo la marehemu babu yao, katekista. Injini ilikufa zamani, lakini kila Jumamosi Kuu wanaliosha gari lote kwa sabuni, na binti wa ukoo akiolewa anakaa nyuma akiwa na shela, kaka zake wanalisukuma mpaka kanisani. Mama mwenye nyumba alituambia kwamba bibi harusi wa mwisho alikuwa mnene kidogo, na kaka wawili wakafika kwenye misa wakichechemea. Baba alitabasamu. Kucheka, bado.

Sasa nikuambie kilichonikera. Tulikwenda Kaliua kwa treni, Ulyankulu kwa basi lenye vumbi la kukata na kisu, na wakati wote huo mkusanyiko mkubwa kuliko yote ulikuwa Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, dakika ishirini kwa bajaji kutoka kwa Baba. Magari tisa chini ya paa la mabati, na karibu yote yanawaka. Watu hutoka Mwanza na Kigoma kuja kuyaona. Baba hakutaka hata kupita mtaa ule.

Mwenye magari yale alikuwa mtani wake.

Walifanya kazi pamoja misheni, Baba dereva, yeye fundi. Baba ni Mnyamwezi wa Ntalikwa. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuja Tabora kijana na hakuondoka. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulianzia njiani humohumo, enzi za mababu kwenda pwani na mizigo kichwani, na wale wawili waliutumia bila kuacha hata tone. Mzaramo alimwita Baba "mpagazi", akimuuliza leo amebeba nini. Baba alimwita "mtumwa wangu", akamwambia Wazaramo wangeijenga dunia kama ngoma zisingekuwapo. Mama alikuwa akiwapakulia ugali huku akisema anaishi na vichaa wawili, mmoja wa ndoa na mmoja wa bure. Misheni ilipouza landrova aliyoiendesha Baba maisha yake yote, Mzaramo ndiye aliyeinunua, akaifanya ya kwanza katika mkusanyiko wake.

Mama alifariki miaka sita iliyopita. Asubuhi ya pili baada ya mazishi, watu bado wamelala matangani, Mzaramo alikuja na ile landrova kufanya kazi ya mtani. Msomaji wangu anaijua kazi hiyo: wafiwa wanalia, mtani anawachekesha, anaigiza marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Kina mama wakampa kitenge cha Mama na kilemba chake. Akajifunga, akakaa kiti cha mbele, akaanza kumwigiza Mama alivyokuwa akisafiri na Baba: anashika mlango kwa mikono miwili, anafumba macho kila gari likipita ng'ombe, anasali kwa sauti, halafu katikati ya sala anauliza kama chumvi imenunuliwa. Alikuwa Mama mtupu. Uwanja mzima uliangua kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu Mama atufie hospitali nikahisi kifua kinapata hewa.

Baba akatoka ndani. Akafungua mlango wa gari, akamshika Mzaramo mkono, akamvuta mpaka chini. "Toka kwangu, mbwa wewe!"

Wenye utani hutukanana mabaya zaidi ya hayo. Lakini huwa wanatabasamu, na Baba hakutabasamu. Mzaramo, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu, hakusema neno. Alivua kitenge, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya mkeka, akawasha landrova akaondoka.

Wazee wa ukoo walimweka Baba kitako. Mtani hakasirikiwi, wakamwambia. Chukua kuku, mfuate. Mwanzoni alikataa kwa hasira. Hasira zikaisha baada ya miezi michache, ikabaki aibu, na aibu ya mtu mzima ni ngumu kuitoa kuliko hasira. Miaka ikapita hivyo. Kanisani kwetu walijua, sokoni walijua. Wazee hao wawili walipokutana barabarani mmoja alivuka kwenda upande wa pili.

Mwaka huu, mwanzoni mwa likizo ya Juni, nikasikia kwamba watoto wa Mzaramo wanamhamishia Kisarawe mwisho wa mwezi, akazeekee karibu nao. Landrova angeondoka nayo. Mengine yangetafutiwa watu wa kuyatunza. Nilikwenda Ntalikwa siku hiyohiyo. Baba alikuwa anapukuchua mahindi.

"Nimesikia, mama," alisema kabla sijafungua mdomo; ndivyo anavyoniita mimi bintiye.

"Basi twende."

"Nataka kwenda. Kila siku nataka kwenda." Aliendelea kupukuchua. "Nikifika nitasema nini?"

Nilimwambia atasema chochote, mdomo si wake? Nikaona uso wake, nikajuta. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila mtu alikuwa ananiuliza mimi, mwalimu wa hisabati, aseme nini.

Tulikwenda Jumamosi. Baba alivaa koti lake la kanisani na akanipa mimi kuku nimshike. Ndani ya bajaji kuku alinichafulia viatu vyote viwili, nami nikavumilia, kwa sababu Baba alikuwa anatembeza midomo bila sauti, anakariri.

Mzaramo alitutokea mlangoni. Alikuwa amekonda, kofia yake ya kitambaa imemzidi kichwa. Nilisimama nikingoja "mpagazi, leo umebeba kuku?" Nilikuwa nimeingoja miaka sita.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Baba.

Ni wa umri mmoja hawa. Kama si sawasawa, Mzaramo ndiye mkubwa. Mtani kumpa mtani wake shikamoo ni kumfungia mlango huku unamkaribisha ndani. Na Baba, kwa kuchanganyikiwa, akajibu, "Marahaba."

Kilichofuata sitaki kumwombea adui yangu. Kuku alipokelewa kwa ahsante na kupelekwa jikoni. Tukatembezwa. Mzaramo mbele, Baba nyuma yake, mikono mgongoni, kama mkuu wa wilaya anayekagua kisima.

"Hili lilikuwa la polisi. Injini ni yake ya asili."

"Vizuri sana."

"Hili lilikuwa la Mwarabu mwenye duka. Mapazia ya madirishani alishona mkewe."

"Hongereni kwa utunzaji."

Hongereni! Nilitamani kuwagonganisha vichwa. Na magari yenyewe yalikuwa mazuri kupita yote tuliyoyaona. Yalikuwa yamepigwa nta mpaka nikajiona uso kwenye milango. Palikuwa na lori la tumbaku ambalo ukiinamia bado unapata harufu yake, na basi dogo lenye mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na makalio ya miaka mingi. Juu ya kila kioo mzee alibandika kadi aliyoiandika kwa mkono, na kadi hazikutaja mwaka wala nchi. Zilitaja tabia. "Mvivu asubuhi." "Huyu hapendi mvua." "Msukume kidogo, atajibu." Siku nyingine ningeinakili kila moja. Siku ile nilizipita tu, nikisikiliza wazee wawili wakisema "vizuri sana" na "ahsante sana", na nilitaka kulia.

Landrova ilikuwa ya mwisho, imeegeshwa ikielekea geti. Baba aliiona akasimama. Aligusa taa ya mbele kwa kidole kimoja, halafu akavua kofia na kuanza yale aliyokariri.

"Ndugu yangu. Nimekuja mbele yako kwa unyenyekevu mkubwa kuomba radhi kwa kitendo nilichokutendea, ambacho hakikustahili..."

"Mzee," Mzaramo alimkatiza, taratibu kabisa. "Mtani haombwi radhi. Anayeombwa radhi ni mtu baki. Ukiniomba hivyo umeshanitoa kwenye utani. Sasa nikujibu nini? Nikisema nimekusamehe, tumekuwa watu baki waliosameheana. Nikisema sikusamehe, ndiyo basi tena."

Baba alibaki ameshika kofia. Nilitafuta njia ya kutoka kwenye jambo lile kama ninavyotafuta jibu ubaoni, sikuiona. Ilikuwa kweli tupu alichosema. Utani una dawa ya kila kitu isipokuwa ya mtu aliyeuvunja kwa dhati.

Hapo hasira zangu zikanipanda. "Ingieni kwenye gari!" nilisema, tena kwa sauti ya darasani. "Nimezunguka kutoka Kaliua mpaka Ulyankulu kutazama mabodi yasiyo na injini. Hapa kuna gari linalowaka, na wenye gari mmesimama nje kama wageni wa serikali. Ingieni!"

Mimi ni binti niliyelelewa vizuri, sijawahi kuwafokea wazee kabla ya hapo wala baada. Lakini waliingia. Baba akazunguka upande wa usukani bila kufikiri, Mzaramo akakaa kushoto kwake, nami nikajibana kwenye benchi la nyuma, magoti kidevuni.

Baba alivuta choki kidogo, akajaribu mara moja, ikakohoa, akairudisha choki, akajaribu tena. Ikashika. Aliinamisha kichwa akiisikiliza, kama daktari. Aliingiza gia ya kwanza na tukazunguka uwanja ule wa nyumba, polepole, tukiyapita magari mengine yote na kadi zao. Tulipofika tena getini akasimamisha, akaacha injini inanguruma.

"Siku ile," alisema, akiangalia mbele, "mbona hukunijibu? Miaka yote niliyokujua hukuwahi kukosa jibu."

Mzaramo aliishusha kofia mpaka kwenye nyusi.

"Ningefungua mdomo ningelia," alisema. "Mama yule amenilisha miaka thelathini. Nimekuja saa yoyote ugali upo. Nimeugua, uji umeletwa mpaka kitandani. Amefariki. Wewe umelia, watu wamekushika huku na huku. Watoto wamelia. Hata waliopita njia wamelia. Mimi ni mtani, mtani halii, nimepewa kitenge chake nichekeshe watu. Nikasema sawa, ndiyo kazi yangu. Nikimaliza nitatafuta pa kulilia. Ukanifukuza sijamaliza." Alivuta pumzi. "Nani aje anishike mimi? Sijalia mpaka leo."

Na akaanza. Alilia kama mtu asiyejua jambo lile linafanywaje, mabega kwanza, halafu sauti. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona kofia yake inatikisika, nikashindwa hata kunyoosha mkono. Miaka sita nilikuwa nikimhesabu kama mtu aliyeudhiwa. Sikuwahi hata mara moja kumhesabu kama mfiwa.

Baba aliachia usukani. Akamzungushia mkono shingoni, akamvuta kwake, akamshika kama watu walivyomshika yeye siku ile. Nilijua zinakuja sasa zile sentensi za kanisani, pole kwa msiba, Bwana alitoa. Nikajikaza kuzisikia. Baba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Lia taratibu, mtumwa wangu," alisema. "Hili ni bati tupu. Ukililowesha namna hii litashika kutu kabla hujafika Kisarawe."

Kilio kikakatika. Mzaramo alijitoa kwenye mkono wa Baba polepole, akafuta masharubu kwa kofia yake, akamtazama kwa macho mekundu, kwanza uso, halafu koti la kanisani, halafu uso tena.

"Bodi ya landrova ni alumini, haishiki kutu, mpagazi wewe," alisema. "Miaka thelathini umeshika usukani wake, hata hilo hujui? Au ulikuwa unaibeba kichwani?"

Baba akageuka nyuma kunitazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, naye anacheka, anacheka kweli, kwa meno yote yaliyobaki.

"Umesikia, mama?" akaniambia. "Kanitukana!"